Biashara Ndogo na Nidhamu ya Kuchapisha Mitandaoni

Katika sehemu kubwa ya biashara ndogo za Afrika Mashariki zinazouza bidhaa mitandaoni, mnunuzi hulipa kabla hajaishika bidhaa mkononi. Mteja aliye Tabora akipendezwa na gauni la kitenge lililoshonwa Mwanza hutuma fedha kwa simu, zote au walau nusu, kisha hungoja kifurushi kifike stendi kwa basi. Na kwa kuwa ni wachache wasiomjua mtu aliyewahi kutapeliwa kwa njia hiyohiyo, jambo la kwanza linalomshughulisha ni kama mwenye akaunti yupo kweli na kama bado anafanya kazi, uzuri wa gauni ukija baadaye. Jibu hulitafuta mwenyewe kwa kupekua ukurasa kimyakimya: hutazama tarehe ya chapisho la mwisho, hushuka hadi machapisho ya mwaka uliopita, husoma maoni ya watu na kuangalia kama yamejibiwa au yamefungwa, kisha ndipo huamua kama ataandika "habari, hili bado lipo?" au ataondoka bila muuzaji kujua kwamba alipita.

Kuchapisha, katika makala haya, ni kuweka picha, video au maandishi kwenye akaunti ya biashara, jambo ambalo wengi huliita kuposti. Na kuchapisha kwa mfululizo ni kufanya hivyo kwa mpangilio ambao mteja anaweza kuuzoea, uwe wa kila siku, wa mara mbili kwa wiki au wa kila Jumamosi. Kwa muuzaji anayelipwa kabla ya bidhaa kuonekana, faida kubwa ya mfululizo huo ni ushahidi. Machapisho ya mwaka mzima na ushei, yenye ukuta uleule nyuma, mashine ileile na mkono uleule wa kazi, ni kitu ambacho tapeli hawezi kukitengeneza kwa usiku mmoja, ilhali ukurasa wenye picha arobaini zilizowekwa ndani ya siku mbili, kisha kimya, huzua shaka hata pale ambapo mwenyewe ni mwaminifu kabisa.

Ushauri unaosambaa zaidi kuhusu jambo hili huanzia kwingine, yaani kwenye algorithimu, ambayo ni seti ya kanuni ambazo programu huzifuata kuamua nani aonyeshwe nini na kwa utaratibu gani. Hadi mwaka 2016 Instagram ilipanga machapisho kwa kufuata muda tu, lililotoka mwisho likitangulia. Kuanzia mwaka huo ilianza kuyapanga kwa kukisia yale ambayo kila mtumiaji angependa kuyaona, na mitandao mingine mikubwa nayo hufanya kazi kwa namna inayokaribiana na hiyo. Kutokana na mabadiliko hayo kumezuka dhana kwamba mwenye biashara hana budi kuchapisha kila siku, na ikiwezekana mara kadhaa kwa siku, la sivyo mtandao utamsahau. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, kwa sababu akaunti isiyotoa chochote haina cha kuonyeshwa kwa yeyote. Hata hivyo, kanuni zenyewe hubadilishwa na wenye kampuni kila wanapoona inawafaa, na mama lishe au fundi nguo anayezifukuzia kila mwezi hufanya kazi ya pili isiyolipwa juu ya ile inayomlisha. Mteja wa Tabora anayepekua tarehe, kwa upande wake, hajabadilika.

Inafaa kutazama namna mfululizo unavyokatika, kwa sababu mara nyingi haukatwi na uvivu. Mfanyabiashara huchapisha sana mzigo mpya unapoingia au mauzo yanapolegea, kwa kuwa wakati huo ana nafasi na ana hofu; oda zikimiminika hunyamaza, kwa kuwa mikono yake yote miwili ina kazi; oda hizo zikiisha hujikuta na ukurasa uliolala wiki tano na simu isiyolia, na huanza upya kwa pupa. Hivyo ukimya huja wakati ambapo biashara ina mengi zaidi ya kuonyesha, na ukame unaofuata ni matunda ya ukimya huo, ijapokuwa mwenyewe atausingizia mzunguko mbaya wa fedha.

Kwa sababu hiyo, kiasi cha kuchapisha hupaswa kupimwa kwa wiki mbaya: wiki ya umeme kukatika, mtoto kuugua na oda tatu za harusi kudaiwa siku moja. Kile ambacho mwenye biashara angeweza kukitimiza katika wiki ya namna hiyo ndicho kiwango chake halisi, na wiki njema ikija, ziada yake huwekwa akiba badala ya kumwagwa yote mara moja. Kwa fundi mwenye vyerehani viwili na mwanagenzi mmoja, machapisho mawili kwa wiki kwenye ukurasa, pamoja na statasi moja ya WhatsApp kwa siku za kazi, ni mzigo unaobebeka. Machapisho kumi na manne hayabebeki, na atakayejaribu atayabeba kwa mwezi mmoja. Statasi, kwa asiyeizoea, ni picha, video fupi au maandishi yanayoonekana kwa watu waliohifadhiana namba na ambayo hufutika yenyewe baada ya saa 24, kwa hiyo haidai unadhifu mwingi kama ukurasa unaobaki.

Vivyo hivyo kuhusu idadi ya mitandao. Mwenye biashara akifungua akaunti Facebook, Instagram, TikTok, X na YouTube kwa siku moja, baada ya muda mfupi huwa na akaunti nne zilizokufa na moja inayopumua, na zile nne haziachi kuonekana kwa anayemtafuta. Lililo jema ni kuchagua mtandao mmoja kuwa makao, kwa kufuata walipo wateja wake wenyewe, na kuufanya WhatsApp kuwa mahali pa mazungumzo na kukubaliana bei. Nguo, keki, vipodozi na samani hupata watazamaji wengi Instagram na TikTok. Vipuri vya pikipiki, pembejeo za kilimo na vifaa vya ujenzi huuzika vizuri katika makundi ya Facebook na ya WhatsApp ya eneo husika, ambamo mnunuzi huingia akiwa tayari anakijua anachokitaka.

Swali linalowashinda wengi ni la kupata cha kuchapisha, na hapa ndipo kosa la msingi hufanyika, kwani mwenye biashara hudhani anatakiwa kubuni maudhui, yaani kutunga kitu kipya mbali na kazi yake, wakati kazi yenyewe imejaa. Gauni moja la kitenge hupita mikononi mwa fundi katika hatua nyingi: kitambaa kinapofunuliwa mezani na maua yake kupangwa ili yakutane kwenye mshono wa ubavuni, chaki inapochora, mkasi unapokata, bitana, kitambaa chepesi cha ndani, inapowekwa, zipu inaposhonwa, pasi inapopita, na gauni linapovalishwa mdoli wa dukani. Kila hatua ni picha moja au video ya sekunde kumi na tano, na katika hizo ile ya maua kukutana ubavuni ndiyo inayouza kuliko zote kwa macho ya mtu anayejua kushona, kwa kuwa fundi wa haraka haraka huikwepa kwa sababu inakula kitambaa. Mteja asiyejua kushona huelimishwa na picha hiyohiyo, akaanza kuzitazama nguo za mafundi wengine kwa jicho jipya, na fundi aliyemwelimisha ndiye anayefaidika. Gauni hilo limeshatoa machapisho ya wiki mbili au tatu, bila kutunga lolote, mradi simu iwe karibu na mwanagenzi awe amefundishwa kuishika.

Sharti moja la kazi hiyo ni kuwa picha ziwe za mwenyewe. Wako wauzaji wanaochukua picha za viwanda vya ng'ambo au za mafundi wa Lagos na Accra, wakazitumia kuombea oda, kisha wakashona kinachokaribiana. Ukurasa wa namna hiyo hupendeza kwa miezi michache ya mwanzo, mpaka wateja waanze kuweka hadharani picha mbili ubavu kwa ubavu, ya walichoagiza na ya walicholetewa. Picha ya kawaida iliyopigwa mlangoni mwa duka, asubuhi au alasiri, jua likiwa halipigi moja kwa moja juu ya kitambaa, inatosha. Taa za ndani za manjano hugeuza rangi, na rangi iliyogeuka huzaa ugomvi wa kurudisha mzigo, hasa kwa bluu iliyoiva na zambarau ambazo chini ya balbu huonekana karibu sawa.

Baada ya picha huja maelezo yake, na katika maelezo hakuna jambo linalowaudhi wanunuzi wa Tanzania na Kenya kama bei iliyofichwa. Mteja huuliza bei chini ya picha, hujibiwa "njoo inbox", yaani afuate mazungumzo ya faragha, na wengi hawafuati. Wanaofuata hufika wakishuku kwamba bei hupangwa kwa kuangalia sura ya akaunti ya anayeuliza, na shaka hiyo si ya bure. Zipo sababu zinazotolewa za kuficha, kama vile washindani kuiona bei na kuishusha, au bei kubadilika kwa kila saizi, lakini mshindani anayetaka kuijua bei ataiuliza kama mteja, na bei inayobadilika inaweza kuandikwa kwa kiwango cha chini na cha juu. Maelezo yanayotosha yangesomeka hivi: "Gauni refu la kitenge lenye bitana. Saizi 10 hadi 16, Sh 55,000. Saizi kubwa zaidi, Sh 65,000. Linashonwa kwa siku nne tangu vipimo vipokewe. Tupo Mwanza mjini. Mikoani tunatuma kwa basi, nauli ya mzigo ni juu ya mteja. Oda kwa WhatsApp, namba ipo juu ya ukurasa." Hakuna sifa hata moja katika maneno hayo, na kila sentensi imefuta swali ambalo lingeulizwa na kujibiwa mara ishirini. Jina la mji lisikosekane, kwa sababu wako wanaotafuta kwa kuandika bidhaa na mahali, na kwa sababu mteja wa mji huohuo ndiye mwepesi kuliko wote kuhudumiwa.

Kuhusu hashtagi, yaani maneno yanayotanguliwa na alama ya # ili machapisho ya mada moja yakusanyike pamoja, yatosha kusema kwamba chache zinazotaja bidhaa na mji zinasaidia kiasi, na kwamba msururu wa majina ya wasanii wasiohusika na gauni haumsaidii mtu.

Namna ya kuuendesha mpangilio wote huu ni kuutenga na siku zenye kazi nyingi. Fundi anayengoja hadi saa ya kuchapisha ndipo atafute picha, aandike maelezo na kununua bando atashindwa wiki ya pili. Anayekaa mara moja kwa wiki, tuseme Jumapili jioni, akachagua picha mbili kutoka kwenye zile zilizopigwa siku za kazi, akaandika maelezo yake na kuyapangia muda, atakuwa amemaliza katika saa moja. Programu ya Meta Business Suite, ambayo haina malipo, huruhusu machapisho ya Facebook na Instagram kuwekwa tayari na kutoka yenyewe kwa wakati uliopangwa. Na Instagram yenyewe, kwa akaunti za kibiashara, hukubali kupanga hadi siku 75 mbele. Inafaa kuangalia kwa makini saa inayoandikwa, maana simu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: saa mbili usiku huandikwa 20:00, na anayeandika 2:00 tangazo lake hutoka saa nane usiku, wakati wateja wake wote wamelala. Akiba ya machapisho sita au manane yasiyo na haraka, kama vile maelezo ya namna ya kujipima kiuno na mabega, au namna ya kufua kitenge ili kisichuje, ndiyo hutolewa wiki mbaya inapobisha hodi.

Mwaka nao una mpangilio wake, ambao biashara ndogo huujua vizuri dukani na kuusahau mtandaoni. Nguo za Idi huagizwa kabla Ramadhani haijafika katikati, kwa kuwa katika kumi la mwisho fundi mzuri hapokei tena. Hivyo picha zake hupaswa kuanza kutoka mwezi wa Shaabani, pamoja na tarehe ya mwisho ya kupokea oda iliyoandikwa wazi. Kwa vile mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takribani siku 11 kuliko ule wa kawaida, kalenda ya mwaka jana hainakiliwi ilivyo. Sare za shule hutangazwa Desemba, kabla ya Januari ambayo ada hufagia mifuko na matangazo ya anasa hayana msikilizaji. Kipaimara, ubarikio, mahafali, kichen pati na sendofu zina wakati wake, na watu wa vikundi vya harusi huamua rangi ya sare mapema, mara nyingi miezi kadhaa kabla. Katika Kanda ya Ziwa pamba huanza kuuzwa kwa kawaida mnamo Mei, na fedha yake huonekana madukani muda mfupi baadaye, jambo ambalo halimo katika ushauri wowote ulioandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Ulaya au Marekani. Wakati wa masika, katika maeneo ambayo barabara hukatika, uaminifu hudai kwamba siku za kusafirisha zilizoandikwa kwenye maelezo ziongezwe.

Aina moja ya chapisho huhitaji tahadhari ya pekee, nayo ni ile ya kuthibitisha kwamba mizigo hufika. Wauzaji wengi huweka picha za risiti za mabasi, vifurushi vilivyofungwa tayari kwa safari na ujumbe wa malipo uliotumwa na mteja, na kwa hakika hakuna kinachomtuliza mnunuzi mpya kama hicho. Lakini juu ya risiti huandikwa jina na namba ya simu ya mpokeaji, na ujumbe wa malipo ya simu hubeba jina la mlipaji. Anayezichapisha wazi humkabidhi mteja wake kwa matapeli, ambao humpigia wakidai ni watu wa basi na kwamba mzigo umekwama mahali mpaka nauli iongezwe. Sheria nayo ina la kusema. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo chini yake Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi, Septemba 2023, zaidi ya shilingi milioni 1.8 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, baada ya kuelezwa kinachokusudiwa. Kwa fundi, ujumbe mfupi wa "dada, naomba ruhusa ya kuweka picha hii ukurasani" na jibu lake lililohifadhiwa vinatosha kwa kuanzia, na majina na namba zilizo kwenye risiti hufichwa kwa kupakwa rangi kabla ya picha kutoka. Picha za sare za shule ni heri zipigwe bila watoto.

WhatsApp hueleweka vibaya na wengi wanaoitumia kila siku. Statasi ya biashara huonekana tu kwa mtu ambaye namba yake imehifadhiwa na muuzaji, na ambaye naye ameihifadhi namba ya muuzaji. Mteja aliyenunua mara tatu bila kuihifadhi haoni chochote, na muuzaji hubaki akishangaa mbona statasi zake hutazamwa na ndugu na majirani. Sharti la kuhifadhi namba linaihusu pia orodha ya matangazo, njia ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wasiozidi 256 kwa orodha moja, kila mmoja akaupokea faraghani: asiyeihifadhi namba haufiki kwake. Kwa hiyo ombi la "hifadhi namba yetu kwa jina la duka" linapaswa kufuata kila malipo, kama shukrani inavyofuata. Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo, huongeza orodha ya bidhaa yenye picha na bei, majibu yaliyoandikwa tayari, vibandiko vya kutenganisha aliyelipa na ambaye bado, na ujumbe unaojibu wenyewe baada ya saa za kazi.

Kuwajibu wateja kuna uzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kuchapisha ni kuita, na anayeita hupaswa kuwepo. Machapisho mawili kwa wiki yanayojibiwa siku hiyohiyo huuza zaidi ya saba yaliyoachiwa maswali yakining'inia chini yake, na maswali yasiyojibiwa hubaki hapo hadharani yakisomwa na kila anayekuja baadaye. Malalamiko ya kweli hayafutwi: hujibiwa kwa maneno machache ya heshima palepale, kisha ufafanuzi huendelea faraghani, na suluhu ikipatikana hutajwa. Biashara ambayo mwenyewe hawezi kujibu kabla ya jioni, kwa kuwa yuko sokoni au mashineni, ni heri iandike saa zake za kujibu juu ya ukurasa na kuziheshimu, kuliko kumwachia mtoto wa shule simu ili ajibu "poa" kwa mtu anayeuliza habari za oda ya Sh 300,000.

Je, muuzaji atajuaje kama juhudi yote hii inazaa? Idadi ya wafuasi na ya waliopenda picha ndiyo inayoonekana kwanza na ndiyo inayodanganya zaidi. Wafuasi wa kununuliwa wapo sokoni kwa bei ndogo, na hawavai magauni. Kipimo kinachofaa ni cha daftari: kila anayelipa huulizwa ametuona wapi, na jibu lake huandikwa kwa neno moja pembeni mwa oda, liwe "Insta", "statasi", "ameletwa na mtu" au "amepita njiani". Baada ya miezi mitatu safu hiyo moja husema mengi, na mara nyingi humshtua mwenyewe, kwani fundi aliyemaliza bando kwa video za TikTok anaweza kukuta kwamba oda zake kubwa zilitoka kwa akina mama wanaotazama statasi usiku, na kwamba mahali pa kuongeza nguvu ni hapo. Mwenye duka asipende mno kile kinachopigiwa makofi. Apende kile ambacho daftari limekitaja.

Yapo pia mambo ya usalama ambayo yakipuuzwa huzika kazi ya miaka. Akaunti nyingi za biashara hufunguliwa kwa namba ya simu ya kijana wa dukani, au kwa barua pepe ambayo hakuna anayekumbuka neno lake la siri; kijana akiondoka kwa ugomvi, wafuasi, ushahidi na mazungumzo yote huondoka naye. Laini ya biashara isajiliwe kwa jina la mwenye biashara, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe, ambao ni utaratibu wa kudai tarakimu za siri za ziada kila akaunti inapofunguliwa kwenye simu mpya. Na tarakimu hizo asipewe yeyote anayepiga simu akidai ni wa kampuni ya mtandao. Orodha ya wateja nayo iwe na nakala nje ya simu. Facebook ilinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, na tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizimika kwa pamoja kwa takribani saa sita dunia nzima, zikiwaacha wauzaji wasioandika namba popote bila njia ya kumfikia mteja hata mmoja. Huko Uganda Facebook ilifungwa na serikali Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na biashara zilizokuwa na ukurasa huo peke yake zilijikuta bila dirisha la kuuzia. Mwenye namba za wateja mia mbili katika daftari hupiga simu na kutuma ujumbe wa kawaida, akaendelea.

Hata mpangilio mzuri hukatika, kwa msiba, uzazi, safari au ugonjwa, na namna ya kukatika ina adabu yake. Ikiwezekana kutoa taarifa, chapisho moja lenye tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua na namba ya mtu atakayekabidhi mizigo iliyokwisha kulipiwa hutosha, nalo hubandikwa juu ya ukurasa, kwa kuwa Instagram na TikTok huruhusu machapisho hadi matatu kukaa juu ya mengine yote. Isipowezekana, na ukurasa ukawa umelala miezi miwili, anayerudi hahitaji kuandika waraka wa kuomba radhi wala kutangaza mwanzo mpya wenye ahadi kubwa atakazoshindwa kuzitimiza tena. Wanaodai mizigo yao hujibiwa kwanza, mmoja mmoja, kabla ya picha yoyote kutoka. Kisha huwekwa kazi iliyokamilika wiki hiyo, na bei yake ya sasa, kwa maana bei za machapisho ya zamani zitakuwa zimepitwa na wakati na wapo watakaozishikilia. Siku tatu baadaye huwekwa ya pili.